Misiba ya Kumtembeza Mama

Miaka ile ambayo Palma nzima, huku kwetu kaskazini mwa Msumbiji, ilikuwa ikizungumzia gesi, mimi nilikuwa mkalimani, na nilikuwa mkalimani mbaya. Simaanishi kwamba Kireno kilinishinda. Kireno nilikisoma shuleni mpaka kikanitoka masikioni. Ubaya wangu ulikuwa wa tabia: neno kali likipitia kwangu lilitoka limelainika. Mkubwa akifoka kwa Kireno, mimi nilisema kwa Kiswahili kwamba mkubwa ana haraka kidogo. Wanakijiji wakitukana, nilimwambia mkubwa kwamba wana maswali. Pande zote mbili zilinipenda, na mkataba wangu ukaongezwa mara mbili.

Kule Afungi, kwenye mradi wa gesi nilikofanya kazi, palikuwa na uzio mpya, na ndani ya uzio mkandarasi mmoja alikuwa amemleta mgeni wa kuangalia utulivu wa nafsi za wafanyakazi. Alikuwa bwana mwembamba mwenye viatu vya rangi ya limau, na aliamini kwamba hakuna shida ya binadamu isiyotibika kwa kutembea polepole huku unapumua. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi, aliwapanga vibarua mstari mmoja akawazungusha kandokando ya uzio kwa dakika arobaini. Vibarua hao walikuwa wametoka makwao alfajiri kwa miguu, wengine mwendo wa saa moja na nusu, wengine wa saa mbili, ndipo wakafika getini. Walipomaliza kutembea, wakaambiwa kwamba sasa watatembea.

Yule bwana alisema, kwa Kireno chake cha kuungaunga, kwamba waihisi ardhi na waache mawazo yatokee visiginoni. Vibarua wakanigeukia. Nikawaambia wazunguke taratibu, chai inakuja. Wakazunguka. Mmoja wao, mkata nyasi wa makamo, aliniuliza kama mzungu huyu amepoteza kitu humo ndani, maana wangeweza kumsaidia kutafuta kuliko kuzunguka hivi hivi. Nikamfasiria bwana kwamba mfanyakazi huyu anasema zoezi limemgusa. Bwana akaandika daftarini.

Nacheka ninapoandika haya, lakini wakati ule nilijiona mjanja. Nilidhani kazi ya mkalimani ni kuhakikisha kila mtu anarudi nyumbani na amani yake. Na kwa ujanja huohuo nikampeleka mama hospitali.

Mama yangu alikuwa mjane, muuza pweza wakavu sokoni tangu sijazaliwa, mwanamke mwenye mwili na mwenye sauti. Miguu yake ilikuwa imeanza kufa ganzi. Hakulalamika hata siku moja. Niligundua mwenyewe pale kaa la moto liliporuka kutoka jikoni likatua juu ya mguu wake, naye akaendelea kuchambua mchele.

Dotora, ndivyo tunavyomwita daktari wa kike, alikuwa binti kijana kutoka kusini mwa nchi, hana Kiswahili hata cha kuombea maji. Akapima sukari, akatazama karatasi, akamtazama mama, kisha akazungumza kwa muda mrefu. Alisema sukari iko juu sana. Alisema mama atembee nusu saa kila siku, kwa mwendo wa kumtoa jasho kidogo. Alisema avae viatu vya kufunika, asitembee pekupeku hata uani, na kila jioni akague nyayo zake kwa macho, kwa sababu mguu uliokufa ganzi hausemi ukijeruhiwa. Na alisema kwamba kidonda kikiingia kisionekane mapema, mguu hukatwa, naye amekwisha kuona wengi.

Mama akaniuliza anasema nini.

Nikamwambia anasema utembee nusu saa kila siku. Nikaongeza kwamba apunguze sukari kwenye chai. Basi. Viatu nilivinyamazia, kwa kuwa viatu vingeleta swali la kwa nini, na swali la kwa nini lingeleta kisu.

Mama akafikiri kidogo. "Nusu saa kwenda wapi?"

Nikamwuliza dotora. Dotora akasema popote, ni kutembea tu. Mama akanitaka nimwambie yule binti kwamba yeye hajawa mwehu. Nikamwambia dotora kwamba mama anashukuru sana.

Asiyeijua pwani yetu atadhani mama alikuwa mkaidi. Kwetu mtu anayepita hukaguliwa kwa upole. Unaamkiwa, unaulizwa habari za nyumbani, kisha unaulizwa unakwenda wapi, na kutojibu ni utovu wa adabu. Jibu lazima liwe mahali: sokoni, shambani, kwa fulani, hospitali. Mama mtu mzima akisema haendi popote, jioni majirani watakuja kumtazama, na watakuja na mwalimu wa kumsomea.

Siku ya kwanza alijibu kwamba anakwenda sokoni, kwa kuwa alikuwa ameelekea huko. Wanawake wakaona hana kapu. Siku ya pili akabeba kapu tupu, wakaona amerudi nalo tupu, wakadhani nyumbani hatuna cha kupika. Jirani akatuletea bakuli la kunde. Siku ya tatu nikamshauri aelekee upande wa pili, barabara ya kutokea mjini, ambako hajulikani sana, na huko akakutana na pikipiki.

Palma ya miaka ile ilijaa pikipiki. Kila kijana aliyepata kibarua cha miezi mitatu Afungi alinunua pikipiki, na kibarua kilipokwisha akaigeuza taxi-mota. Vijana hao wana kasoro zao, lakini wamelelewa. Kumpita mama wa watu anayehema kando ya barabara, na wewe umekaa juu ya siti, ni jambo ambalo kijana wa Palma haliwezi. Wakati mwingine huruma yao ilipita kiasi. Mgeni mmoja wa mradi aliyezoea kukimbia asubuhi kwenye barabara hiyohiyo alibebwa mara tatu kabla hajajifunza neno la kukataa, na mara ya kwanza watu walitazama nyuma yake kuona anafukuzwa na nini.

Kijana wa kwanza akasimama mbele ya mama. "Shikamoo mama, panda nkufikishe."

Mama akasema anatembea tu. Kijana akazima injini, akashusha mguu, akasema kwa unyonge kwamba kama wasiwasi ni hela, yeye hela hataki. Sasa mama afanyeje? Kukataa ni kumwambia mtoto wa watu, mbele ya wenzake, kwamba hujui kuendesha au malezi yako nayatilia shaka. Akapanda. Akarudishwa hadi mlangoni, na nusu saa ya dotora ikawa dakika nne.

Kesho yake wakasimama wawili, wakamgombea. Wiki ile mama alipanda pikipiki mara nyingi kuliko maisha yake yote ya nyuma, akaanza kuwa na maoni kuhusu nani anajua kukata kona na nani anabahatisha. Nikaenda kijiweni kwao kuwaomba wamwache atembee. Wakanisikiliza kwa heshima, wakatazamana. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba mkalimani wa watu wa gesi, anayekula nyama kila siku ndani ya uzio, amepiga marufuku mama yake asibebwe. Imamu wetu alinishika mkono baada ya sala ya alasiri, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna amani.

Nilikasirika, tena sana. Niliwakasirikia vijana kwa adabu zao na mama kwa kupanda. Nilimkasirikia hata yule bwana wa viatu vya limau, kwa kuwa yeye alikuwa na uzio wa kuzungukia na hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Kuna siku nilifikiria kumwombea mama ruhusa ya kuzunguka naye Jumatatu, nikaona aibu.

Nafuu ilikuja na msiba. Mzee mmoja alifariki upande wa chini wa mji, Mwenyezi Mungu amrehemu. Asubuhi wanawake wa mtaa wetu wakakusanyika, kumi na mmoja, wakajifunga kapulana zao, mmoja akajitwika unga, mwingine nazi, wakashika njia kwa miguu kama ada ilivyo, mama katikati yao. Niliwasindikiza kwa macho. Pikipiki ya kwanza ilipowaona ikapunguza mwendo, kijana akazima injini, akaisukuma kwa mkono mpaka walipopita. Ya pili vivyo hivyo. Hakuna aliyesema panda, na hakuna aliyeuliza wapi. Walikwenda dakika arobaini, wakatoa pole, wakalia kiasi, wakarudi dakika arobaini. Mama aliingia ndani na jasho jembamba usoni, akanywa maji, akasema mwili umemkaa sawa.

Sasa nisemeje? Nikawa mtafuta misiba. Kila asubuhi nilitoka nikiuliza watu habari, na sikuwa naziuliza kama watu wanavyoziuliza. Kazini, kabla vibarua hawajaanza kuzungushwa, nilipita mstarini nikimwuliza mmoja mmoja kama kwao kuna mgonjwa. Wakisema wote wazima, alhamdulillahi, nadhani uso wangu uliwaambia kitu, kwa sababu baada ya muda walianza kunikwepa. Kila kijiji nilikijua kwa dakika za mama. Msiba wa dakika kumi niliuacha. Wa saa nzima niliufurahia moyoni, kisha nikaomba toba. Arobaini nazo nilizifuatilia, na hitima, hata za watu waliokufa kabla gesi haijagunduliwa.

Mama na wenzake wakapata sifa. Ilisemwa kwamba kundi lile halikosi pahali, na familia zilianza kuwangoja kabla ya kupakua chakula. Mmoja wao, aliyekuwa akilalamikia mgongo kwa miaka, aliniambia mgongo umemwacha. Mwingine alilazimika kukaza nguo zake zote. Na kipimo cha mama kilishuka, kikashuka tena, mpaka dotora akatabasamu, akaniuliza mama anafanya mazoezi gani. Nikamwambia anatembelea ndugu.

Halafu watu wakaacha kufa. Mvua zilikuwa zimekatika, samaki tele, kila mtu mzima. Wiki tatu hazikuwa na hata arobaini moja. Mama akarudi kukaa barazani na pweza wake, chai ikarudi kuwa tamu, na kipimo kikapanda. Dotora akarudia yale maneno ya mguu, safari hii kwa ufupi na bila tabasamu. Nikamfasiria mama kwamba dotora anamsalimu.

Hapo ndipo nilipoua mtu.

Nilimchagua kwa uangalifu. Alikuwa msuka madema ya kuvulia samaki, mzee wa kijiji kimoja upande wa Afungi, mwendo wa saa moja na robo kwa njia ya mashambani. Nilikuwa nimesikia kwamba alihamia Tanzania zamani kwa watoto wake, na hakuna aliyemwona tena. Mtu aliye mbali namna hiyo, nilijiambia, hadhuriki. Wataikuta nyumba imefungwa, jirani atasema hana taarifa, wataomba dua palepale na kurudi. Nikamwambia mama jioni, kwa uso wa huzuni, kwamba habari imeletwa na kibarua. Mama akamkumbuka. Akasema enzi za uhai wake mzee huyo alizoea kumwuzia yeye pweza wadogo akiapa ni wakubwa, Mungu amsamehe.

Nilichosahau, na ilhali mikutano yenyewe niliifasiri mimi, ni kwamba vijiji vile vilikuwa vikiandikishwa ili vihamishwe kupisha mradi. Watu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika nani yupo, ana minazi mingapi, apewe nyumba gani siku ya kuhamishwa. Habari ikavuka mto Ruvuma, na watu waliokwisha kusahaulika wakarudi kuhesabiwa. Msuka madema alikuwa amerudi mwezi mmoja kabla sijamuua.

Wanawake walifika kwake saa nne asubuhi. Walipoingia uani, wa mbele akaanza kulia, na wengine wakampokea. Marehemu akatoka nyuma ya nyumba, mswaki mdomoni, akadhani yeye ndiye aliyefiwa, akaanza kulia naye. Wakalia pamoja kwa muda, mpaka mama akamkazia macho akanyamaza. Nimesimuliwa sehemu hii na wanawake mbalimbali, na kila mmoja anasema ni yeye aliyemtambua kwanza.

Walipomweleza kilichowaleta, mzee hakukasirishwa na habari za kufa. Aliuliza kitu kimoja: nani amemwandika. Akilini mwake, wanawake wa Palma wasingeweza kujua kifo chake kabla yake mwenyewe isipokuwa kama kifo hicho kimo kwenye karatasi, na kama kimo kwenye karatasi, basi nyumba hapati. Akavaa kanzu, akawaongoza wote kumi na mmoja mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji, watoe ushahidi kwamba yu hai. Mwenyekiti akawasikiliza. Akasema yeye binafsi anamwona, lakini fomu ya jambo hilo hana. Ikaandikwa barua ya mkono, na wanawake wasiojua kuandika wakatia dole gumba. Kisha mzee akachinja kuku, maana watu waliotembea saa nzima kuja kukuzika hawarudi na njaa. Nao wakamwachia unga na nazi, kwa kuwa vitu vya msibani havirudishwi nyumbani.

Mama alirudi alasiri. Mimi nilikuwa barazani.

"Marehemu anakusalimu," akaniambia.

Alikuwa bado anacheka. Akakaa kwenye kibao, akachota maji ya udhu, akaosha mikono, akaosha uso, akafika miguuni. Ndala ya kushoto ilikuwa imekatika njiani walipokuwa wakienda, naye akaitia kapuni akaendelea pekupeku. Maji yalipogusa mchanga yakawa mekundu. Mama akaitazama ile rangi inavyosambaa, akaangalia huku na huko, akanitazama na mimi, kuona ni nani aliyeumia. Kipande cha chupa kilikuwa kimeingia chote kwenye kidole chake kidogo. Alitembea nacho, alikula kuku nacho, alitia dole gumba kwa mwenyekiti nacho, na hakuwa na habari.

Kicheko kikamwisha. "Dotora alisema nini?"

Nikaanza kusema alisema utembee. Akanitazama vile anavyomtazama mteja anayemshikashika pweza wake na hana nia ya kununua. Basi nikamwambia yote: viatu, kukagua nyayo, kidonda, kukatwa. Nililia, sioni haya kuliandika hilo. Yeye hakulia. Alikichomoa kile kipande mwenyewe, akakiweka juu ya kibao.

"Na ukanificha kwa nini?"

"Nilidhani utaogopa, mama."

"Mimi nimezaa saba, nikazika watatu," akasema. "Aliyeogopa ni wewe, baba."

Tulikwenda hospitali jioni ileile, tukaenda kesho yake na keshokutwa, kidonda kikasafishwa na kufungwa. Vijana wa pikipiki walimbeba kwenda na kurudi, na safari hii niliwashukuru. Nilimnunulia viatu vya kufunika, nikawa nampigia magoti kila jioni nikikagua nyayo zake, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu siku ya kwanza. Haikusaidia. Wiki ya pili kidole kikabadilika rangi.

Siku dotora alipotuita kwa ajili ya uamuzi, mama alisimama mlangoni pa chumba cha dotora akaniambia, "Leo nyamaza." Akaingia, akakaa, akavua kiatu, akaupandisha mguu juu ya kiti kingine. Kisha akanyoosha kiganja mfano wa kisu, akakigusisha kwenye ukucha wa kile kidole kidogo, akainua nyusi. Nyusi zile nazijua tangu utotoni. Hiyo ilikuwa bei yake ya kwanza.

Dotora akanitazama mimi, mimi nikatazama ukuta. Akaelewa, au aliamua kuelewa. Akaweka kiganja chake kwenye vidole viwili. Mama akatikisa kichwa, akaonyesha nusu ya kidole kimoja. Dotora akainama, akabonyeza, akausoma uso wa mama, akabonyeza tena pale kidole kinapopakana na kidole, na hakufanya haraka. Najua hakuwa akipunguza bei. Alikuwa akitafuta mahali nyama ilipofia na mahali ilipo hai. Lakini mama mpaka leo anasema alimpunguza. Mwisho dotora akainuka, akaonyesha kidole kimoja, chote, kutoka shinani. Mama akafikiri, akampa mkono.

Baada ya hapo dotora akasema maneno kwa Kireno, polepole, akimtazama mama na si mimi. Mama akanigeukia.

"Sasa fasiri," akasema. "Usipunguze."

Nikafasiri. Nikasema kidole kitakatwa kesho asubuhi. Nikasema ganzi haitarudi nyuma, na kwamba sukari isiposhuka utafuata mguu huu, pengine na ule wa pili, na yeye dotora hawezi kumwahidi kitu. Nilipofika kwenye mguu nililianza neno mara mbili. Mama hakunisaidia neno wala hakunihimiza. Alinishika kifundo cha mkono, akaningoja mpaka nikamaliza.